Kuishi Makandana, Katikati ya Tukuyu

Msomaji wa pwani anayeshuka stendi ya Tukuyu kwa mara ya kwanza hushangazwa na majina. Akiuliza njia ataelekezwa Bagamoyo, na akiuliza tena ataelekezwa Msasani. Atageuka huku na huku kuitafuta bahari na hataiona. Atakachokiona ni migomba nyuma ya nyumba, mapaa ya bati yaliyoshika kutu kwa mvua, na mlima Rungwe uliojifunika mawingu. Bagamoyo na Msasani za kwetu ni kata za mji huu wa milimani, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, ulio mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mji huo huo imo Kata ya Makandana, ambako mwandishi wa makala hii anaishi na familia yake, hatua chache kutoka msikitini.

Ndugu zetu walioko Dar es Salaam, Tanga na hata ng'ambo wamekuwa wakiuliza maisha ya familia ya Kiislamu yakoje katikati ya mji kama huu, mbali na pwani, ambako Waislamu ni wachache. Nimeona ni vyema kuwajibu kwa maandishi, kwa kuwa hapa kwetu lipo swali linalozungumzwa sasa karibu kila baada ya swala ya Isha: nyumba ya katikati ya mji tuiuze tuhamie pembezoni kwenye kiwanja kikubwa, au tubaki? Swali hilo huonekana kuwa la fedha. Kwa aliyeishi hapa, lina mengi zaidi ya fedha.

Mji wa boma na barabara

Tukuyu ni mji mchanga ukilinganishwa na miji ya Waswahili. Kilwa ilikuwa na msikiti wa mawe karne nyingi kabla ya mtu yeyote kufikiria kupima mitaa ya hapa. Wajerumani walijenga boma lao mwanzoni mwa karne ya 20, wakauita mji Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza yaliyotokea Nyasaland yaliuteka mji, na baadaye jina la Kijerumani likaachwa. Leo wazee wachache ndio wanaolijua.

Kinachouendesha mji ni barabara. Ukitoka Mbeya unafika Uyole, unaiacha barabara kuu ya Zambia na Dar es Salaam, unapanda kuelekea kusini hadi Tukuyu, kisha barabara inashuka kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu. Ng'ambo ya mto Songwe ni Malawi. Kwa sababu hiyo, mtu anayeishi katikati ya Tukuyu hukutana kila siku na wasafiri: dereva wa lori, mfanyabiashara wa mchele, mwanafunzi anayerudi chuoni, mgonjwa aliyeletwa kutoka kijijini. Wengi wao hawana ndugu hapa. Jambo hili nitalirudia, kwani ndilo lenye uzito kuliko yote.

Maisha ya mvua

Mvua ya Tukuyu haifanani na ya mikoa mingi ya nchi yetu. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, yaani zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Huanza Novemba na huendelea hadi Mei, na kilele chake ni Machi na Aprili, ambapo familia inaweza kupitisha siku kadhaa bila kuliona jua. Mama wa nyumbani hujifunza mapema kwamba nguo zilizofuliwa Jumatatu zinaweza kuwa na unyevu hadi Alhamisi, na kwamba kanzu nyeupe ya mtoto wa madrasa haitabaki nyeupe katika udongo huu mweusi wa volkano. Kila nyumba ina kamba ya nguo iliyofungwa ndani, juu ya jiko.

Inapofika Juni na Julai, mvua hupungua na baridi huingia. Ukungu hushuka mitaani kabla ya alfajiri, na maji ya bomba huwa kama yametoka mlimani muda huo huo. Wanazuoni wametufundisha kuwa kutimiza udhu katika hali ya uzito ni miongoni mwa mambo yanayofuta madhambi, na hapa funzo hilo halihitaji maelezo marefu. Familia nyingi huacha maji ya moto kwenye chupa ya chai tangu usiku ili wazee wapate kutawadhia. Anayekaa karibu na msikiti humpelekea na mwenziwe.

Mvua ina adabu yake pia kwa hatibu. Ikishuka juu ya bati wakati wa hotuba ya Ijumaa, hakuna kipaza sauti kinachoishinda. Tumezoea kumwona hatibu akifupisha, nasi tukisogea mbele safu kwa safu ili tumsikie. Swala ya Idi uwanjani hupangwa kila mara pamoja na mpango wa pili wa kurudi ndani, na watoto huenda uwanjani wakiwa na mwavuli mkono mmoja na viatu mkono mwingine.

Hata hivyo, mlima unaoleta mawingu hayo una fadhila ambayo wageni hawaitambui mpaka waonyeshwe. Kutoka Tukuyu, Makka iko upande wa kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, nao uko kaskazini mwa mji, karibu kabisa na mwelekeo huo. Kwa hiyo anayesimama Makandana kuelekea kibla huwa ameuelekea mlima. Siku mawingu yanapofunguka, walimu wa madrasa huwatoa watoto nje na kuwaonyesha. Mtoto aliyeonyeshwa hivyo hapotezi kibla hata akiwa shambani kwa bibi yake.

Soko, chungu na jirani

Katika chakula, Mwenyezi Mungu ameipa Rungwe wingi. Sokoni zipo ndizi za aina nyingi, za kupika na za kuivisha, viazi mviringo, magimbi, maharage, parachichi na maziwa. Kutoka Kyela huja mchele unaojulikana nchi nzima kwa harufu yake, na kutoka Ziwa Nyasa huja mbasa, na usipa waliokaushwa. Futari ya Makandana basi si sawa na ya Tanga. Tambi na mihogo ya nazi ni chakula cha aliyebahatika kupata nazi kutoka kwa msafiri. Sisi hufuturu kwa uji, ndizi zilizopikwa kwa maharage, viazi na chai ya maziwa, chai yenyewe ikiwa imechumwa milima hii hii.

Majirani zetu wengi ni Wakristo. Wamoraviani walifungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo, hivyo Ukristo umekuwa na zaidi ya karne moja ya shule, zahanati na makanisa hapa. Mwislamu anayeishi katikati ya mji atasikia kengele asubuhi ya Jumapili, atasikia muziki wa baa usiku wa Jumamosi, na ataona nyama ya nguruwe ikikaangwa kando ya njia ambayo watoto wake huipita. Haya ni mambo ya kweli na sitayaficha. Mzazi anayeishi hapa hana budi kuwafundisha watoto mipaka yao waziwazi, kwa kuwa hawezi kuwafichia dunia.

Lakini kuna upande wa pili ambao haufahamiki vizuri kwa aliye mbali. Wanyakyusa ni watu wenye falsafa ya ujirani. Wanataaluma wawili, Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi miongoni mwao kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi wavulana walivyokuwa wakiondoka kwa baba zao wakiwa bado wadogo, wakajenga vibanda pamoja na wenzao wa rika moja, na baadaye wakaoa na kuendelea kuishi hapo hapo, mpaka rika likawa kijiji. Kulikuwa na neno la Kinyakyusa kwa raha ya kukaa pamoja na watu wa rika lako, kuzungumza na kula pamoja: ukwangala. Vijiji vya rika havipo tena kama zamani. Ila anayedhani roho yake imekufa na auguliwe na mtu katikati ya Tukuyu, ataona ni milango mingapi itafunguka usiku huo.

Katika misiba ya mtaa wetu, ng'ombe anapoletwa, ni jambo la kawaida kwa wafiwa Wakristo kumtafuta Mwislamu amchinje, ili jirani yeyote asiinuke na njaa. Hakuna aliyewalazimisha. Nao wanapokuja kwetu wakati wa Idi, hula pilau na kusema ndaga fijo, ambayo ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. Watoto wetu huwajibu kwa lugha hiyo hiyo bila kufikiri.

Ustaarabu wa kumpa nafasi mwenye dini nyingine katikati ya mji umewahi kuonekana hata mbali na kwetu. Katika mji wa Brighton, ulio pwani ya kusini ya Uingereza, kuna kasri la kifalme lililojengwa katikati ya mji kwa umbo la majumba ya Kihindi. Tangu Desemba 1914 hadi mwanzoni mwa 1916 kasri hilo lilifanywa hospitali ya askari wa Kihindi waliojeruhiwa Ufaransa. Majiko yalitengwa ili kila kundi lipikiwe kwa taratibu za dini yake, Waislamu na Wahindu wakawekewa mabomba tofauti ya maji, na Waislamu wakapewa sehemu ya bustani ya kuswalia wakielekea Makka. Ilikuwa wakati wa vita, na watawala walikuwa na maslahi yao. Lakini inaonyesha kuwa vitu vinavyohitajika ili watu wa dini mbili wakae pamoja ni vichache na vya kawaida: maji, jiko na mahali pa kusujudu.

Kumbukumbu ambayo hatuna haki ya kuisahau

Ndugu msomaji, nitasema jambo ambalo si rahisi. Uislamu katika ukanda huu wa Nyasa haukufika kwa njia safi pekee. Katika miaka ya 1880, upande wa pili wa mto Songwe, karibu na Karonga, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi alijenga ngome yake. Yeye na wenziwe walikuwa watu wa misafara ya pwani. Waliwashambulia Wangonde, ambao kwa lugha na desturi ni ndugu wa Wanyakyusa, wakawaua wengi na kuwateka wengine. Vita vya Karonga vilianza mwaka 1887, na Mlozi alinyongwa Desemba 1895.

Sisi hatukuwepo, na dini yetu haikuamuru dhulma ile. Lakini mwenye kujeruhiwa hukumbuka nguo aliyovaa aliyemjeruhi. Babu wa jirani yangu huenda alilisikia jina la watu wenye kanzu kabla hajasikia adhana. Kilichobadilisha kumbukumbu hiyo, kwa kadiri inavyoweza kubadilika, ni watu wa kawaida waliokuja baadaye wakaishi hapa, wakauza duka kwa mizani sahihi, wakazika na kuzikiwa. Kazi hiyo haifanywi na mhubiri anayepita kwa siku tatu. Hufanywa na familia inayolala hapa miaka thelathini.

Nyumba zinazouzwa

Sasa nirudi kwenye swali. Bei ya viwanja vya katikati ya mji imepanda. Nyumba ya familia iliyo karibu na soko au stendi hutakiwa na watu wanaoibomoa na kujenga fremu za maduka, nyumba ya wageni au baa. Mwenye nyumba hupata fedha za kujenga nyumba kubwa zaidi pembezoni, penye utulivu, bustani na nafasi ya ng'ombe wa maziwa. Watoto walioko Dar es Salaam humshauri auze. Hakuna dhambi katika kuuza, na sitamlaumu yeyote aliyeuza kwa ajili ya ada, matibabu au deni.

Nikiwa katibu wa kamati, naona matokeo yake katika mambo madogo. Alfajiri ya mvua, safu ni fupi kuliko zilivyokuwa. Mtoto aliyekuwa akivuka njia moja kufika madrasa sasa anahitaji nauli ya bodaboda, na siku ya mvua kubwa haji. Msikiti unajaa adhuhuri kwa wafanyabiashara na wasafiri, kisha unabaki mtupu Isha. Tukiendelea hivyo, tutakuwa na jengo la kuswalia njiani, na mtaa utakuwa umeondoka.

Lakini jambo zito zaidi ni la hospitali. Hospitali ya wilaya, ambayo watu wengi huiita Makandana tu, ipo katika kata yetu. Wagonjwa huletwa kutoka vijiji vya mbali na wasafiri huletwa kutoka barabarani. Miongoni mwao wamo Waislamu wasio na ndugu mjini. Saa nane za usiku mwenye kumuuguza mkewe anahitaji maji ya moto na uji. Wakati mwingine simu inayopigwa ni ya kutujulisha kuwa kuna maiti wa Kiislamu na ndugu zake wako Malawi au Morogoro. Kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakifanya baadhi, wengine huondokewa na dhambi, wasipofanya wote, wote wanadhambika. Na wanaofanya ni wale wanaoweza kufika kwa miguu. Mwanamke akifariki, wanahitajika wanawake wanaojua kuosha, na hao ni mama wa nyumba tano au sita zilizo karibu. Nyumba hizo zikiwa fremu za maduka, tutampigia nani?

Kipo kisa cha Bani Salima katika zama za Mtume (s.a.w). Walikaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhama ili wausogelee. Mtume akawaambia wabaki kwenye makazi yao na kwamba hatua zao zinaandikwa. Wapo wanaokitumia kisa hiki kusema kuwa kukaa mbali ndiko bora. Wakisome mpaka mwisho. Katika riwaya ya Anas iliyopokewa na Bukhari, imeelezwa kuwa Mtume alichukia kuona upande ule wa mji ukiachwa wazi. Makusudio, basi, ni kwamba mji usiachwe na pengo. Kwao pengo lingekuwa pembezoni. Kwetu leo pengo liko katikati.

Jirani kwanza

Amenijia mama mmoja mjane, mwenye nyumba karibu na soko, akiwa na wanunuzi wawili mlangoni. Hakuniuliza kama auze au asiuze. Aliniuliza: "Mwanangu, nikiuza, nimwambie nani kwanza?" Naona hilo ndilo swali sahihi, na dini yetu ina jibu lake.

Katika Sahihi Bukhari kimepokewa kisa cha Abu Rafi', aliyekuwa huru wa Mtume (s.a.w). Alikuwa na vyumba viwili ndani ya boma la Sa'd bin Abi Waqqas. Wengine walikuwa tayari kumlipa dinari 500. Sa'd alisema hangezidisha dirhamu 4,000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamuuzia Sa'd kwa bei hiyo ndogo, akisema kuwa lau si kumsikia Mtume akieleza haki ya jirani kwa ukaribu wake, asingefanya hivyo. Mafakihi wametofautiana kuhusu upeo wa haki hii, inayoitwa shufaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi ni haki ya mshirika katika mali, na katika madhehebu ya Hanafi inamfikia na jirani. Sisi tunaofuata Shafi hatuwezi kumlazimisha mtu kumuuzia jirani. Lakini adabu ya Abu Rafi' iko wazi kwa madhehebu zote.

Nilimshauri mama yule mambo matatu, na ndiyo ninayompa msomaji aliye katika hali yake. Kwanza, kabla ya kumkubalia mgeni, wajulishe majirani na kamati ya msikiti, uwape muda maalumu, hata mwezi mmoja, wajaribu kukusanya bei yako au inayokaribia. Pili, ikiwa lazima uuze, angalia kama unaweza kuuza sehemu na kubakisha vyumba viwili vya familia, au upangishe kwa familia badala ya kubadilisha nyumba kuwa biashara. Tatu, mwenye uwezo afikirie kuweka chumba kimoja wakfu kwa wageni wa hospitali angali hai na mwenye afya, kwa maandishi na mashahidi. Na kama ni wasia, usizidi theluthi moja ya mali, ili warithi wasidhulumiwe.

Nasi wa kamati tuna wajibu wetu. Hatuwezi kumwomba mjane aache fedha huku tumekaa kimya. Tumeanza kufungua daftari la mfuko mdogo wa nyumba, kila kaya ikichangia inachoweza baada ya mavuno ya chai na ndizi. Ni mdogo, na pengine hautatosha kununua hata choo cha nyumba ya sokoni mwaka huu. Mama yule amewapa wanunuzi wake jibu la kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Majirani wawili, mmoja wao Mwislamu na mwingine Mmoraviani, wamekwenda kuzungumza naye kuhusu kupanga vyumba vya uani.

Aliye Dar es Salaam au ng'ambo na ana nyumba ya wazazi katikati ya mji wowote mdogo wa nchi hii, amuulize jirani wa mama yake kabla hajamjibu mnunuzi. Wabillahi tawfiq.